Makosa ya Wanafunzi katika Jiometri na Vipimo: Jinsi ya Kuyatambua na Kuyarekebisha Hatua kwa Hatua

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne ambaye kila alipopima kitu kwa rula alipata sentimita moja zaidi. Penseli ya sentimita 9 aliiandika 10, daftari la sentimita 20 aliliandika 21, na kipande cha sabuni cha sentimita 6 akakiandika 7. Kwa majuma mawili nilimwekea alama za kosa na kumhimiza awe makini. Kumbe alikuwa makini kuliko wenzake wengi, maana mzembe hakosei kwa kiasi kilekile kila siku. Nilipomwomba apime mbele yangu ndipo nilipoona kwamba anaiweka ncha ya penseli kwenye alama ya 1, kwa sababu tangu chekechea tulikuwa tumemfundisha kwamba kuhesabu kunaanzia moja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa shule ya msingi, na pia kwa mzazi anayekaa na mwanawe jioni kufanya kazi ya nyumbani. Unahusu makosa yanayojirudia katika jiometri na vipimo kuanzia darasa la tatu hadi la saba. Kila kosa la namna hiyo lina kanuni nyuma yake ambayo mtoto anaiamini, na mara nyingi ni kanuni iliyomfaa mahali pengine. Mwalimu asipoijua kanuni hiyo, atakuwa anafuta jibu huku akiacha chanzo chake kikiendelea kuzaa majibu mengine.

Hatua ya 1: Mwombe afanye tena mbele yako

Kabla ya kusahihisha, mwambie mwanafunzi, “Nionyeshe ulivyoipata hii 10.” Usimuulize kwa nini amekosa, kwa sababu swali hilo humfanya afute haraka na kukutazama usoni akitafuta jibu unalolitaka. Waulize vivyo hivyo waliopata, mara kwa mara, ili darasa lisije likazoea kwamba anayeulizwa ni aliyekosa.

Katika darasa la wanafunzi sitini au zaidi huwezi kumhoji kila mmoja. Pitia madaftari na utafute jibu lisilo sahihi ambalo limetokea zaidi ya mara mbili, kisha uwaite watoto wawili au watatu wenye jibu hilo. Andika katika kaunta buku yako jibu lenyewe na njia waliyoitumia. Baada ya muhula mmoja utakuwa na orodha fupi ya makosa ya darasa lako, na orodha hiyo itakufaa kuliko orodha yoyote iliyochapishwa, pamoja na hii.

Hatua ya 2: Rekebisha matumizi ya rula kwa kuhesabu nafasi

Kosa la kuanzia kwenye 1 lina ndugu zake. Wako watoto wanaoanzia kwenye ukingo wa rula badala ya alama ya sifuri, ilhali rula nyingi huwa na nafasi ndogo kabla ya sifuri, na hao hupata pungufu ya milimita kadhaa. Wako wengine wanaotumia upande wa inchi bila kujua, kwa kuwa rula ya sentimita 30 mara nyingi huwa na inchi 12 upande wa pili. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo mtoto anayesema kwamba kalamu ya sentimita 15 ina urefu wa “6” hajabahatisha. Mgeuzie tu rula yake.

Chanzo cha kosa la sentimita moja ni kwamba mtoto anahesabu alama, wakati urefu ni hesabu ya nafasi zilizo kati ya alama. Dawa yake ni kumfanya atengeneze rula mwenyewe. Chukua boksi gumu, ukate vipande vya sentimita moja moja, kisha mtoto avibandike kwa mfululizo kwenye utepe wa karatasi na aandike namba mwishoni mwa kila kipande baada ya kukibandika. Akimaliza kipande cha kwanza anaandika 1, cha pili 2. Hapo anaona mwenyewe kwamba ile 1 iko mwisho wa kipande cha kwanza, na kwamba mwanzoni mwa utepe kuna kitu ambacho hakijapimwa bado, yaani sifuri.

Kisha mpe rula iliyovunjika, ambayo madarasani haikosekani. Tuseme rula inaanzia kwenye 3, na mstari unaopimwa unatoka 3 hadi 11. Anayejibu 11 amesoma namba ya mwisho tu. Anayejibu 9 amehesabu alama zote kuanzia 3, nayo ikiwamo. Anayejibu 8 amehesabu nafasi. Majibu hayo matatu yanakueleza mengi kuliko maswali kumi ya kupima mistari inayoanzia sifuri, ambayo hata asiyeelewa kitu huyapata yote.

Kosa hilohilo hujitokeza tena katika darasa la sita kwa sura nyingine. Ukiuliza nguzo ngapi zitahitajika upande mmoja wa shamba wenye mita 20, zikisimikwa kila baada ya mita 2, wengi watagawanya na kujibu 10, ilhali ni 11, kwa kuwa nguzo ya kwanza husimikwa kabla ya mita yoyote kupimwa. Sasa wape uzio unaozunguka shamba la mraba lenye mita 20 kila upande. Waliojifunza somo la nguzo ya ziada kwa kukariri watasema 11 mara 4, yaani 44, wakiwa wamezihesabu nguzo za kona mara mbili. Jibu ni 40. Mchoro wa vijiti vilivyosimikwa mchangani humaliza ubishi huo kwa dakika tano.

Hatua ya 3: Tenganisha pembe na urefu wa mistari yake

Neno pembe katika Kiswahili lina kazi nyingi: pembe ya ng’ombe, pembe ya chumba, pembe za dunia. Mtoto anapolisikia darasani hufikiria ncha au kona, ambayo ni mahali, wakati katika hisabati pembe ni kiasi cha kugeuka kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Kwa sababu hiyo ukichora pembe ya nyuzi 40 yenye mistari mirefu, na kando yake pembe ya nyuzi 60 yenye mistari mifupi, sehemu kubwa ya darasa la nne watasema ile ya kwanza ni kubwa.

Tumia mlango. Ufungue kidogo, halafu zaidi, huku darasa likitaja wakati pembe inapokua. Kisha fungua mlango wa kabati kwa kiasi kilekile ulichofungua mlango wa darasa, na uulize upi umefunguka zaidi. Mjadala utakaofuata uache uendelee. Baada ya hapo kila mtoto akunje kipande cha karatasi chakavu mara mbili, mkunjo wa pili ukilalia juu ya wa kwanza kikamilifu, apate pembe mraba yake ya mfukoni. Atembee nayo darasani akikagua kona za dirisha, daftari na ubao, na pia kona za mchoro uliolazwa mshazari, ili aache kuamini kwamba pembe mraba lazima iwe na mstari mmoja uliosimama wima.

Kipimapembe, ambacho watoto wengi hukiita protrakta, kije baadaye. Kifaa hiki kina safu mbili za namba zinazokwenda kinyume, na kosa lake kuu ni kusoma safu isiyohusika: pembe ya nyuzi 50 inaandikwa 130. Utalitambua kwa urahisi, kwa kuwa jibu la mtoto ukilijumlisha na jibu sahihi unapata 180. Usimfundishe kukariri safu ya ndani au ya nje, kwa sababu inategemea upande ambao mstari umeelekea. Mfundishe aseme kwanza, kabla ya kugusa kifaa, kama pembe ni kali au butu, akitumia ile karatasi yake iliyokunjwa ikiwa ana shaka. Mtoto aliyekwisha kusema “kali” hawezi kuandika 130 bila kushtuka. Anayekosea kwa nyuzi chache tu ameweka ukingo wa chini wa plastiki kwenye mstari, badala ya mstari wa sifuri uliochorwa juu kidogo ya ukingo huo.

Hatua ya 4: Geuza maumbo kabla ya kuyataja

Chukua mraba wa boksi na uushike mbele ya darasa ukiwa umekaa sawa. Wote watasema ni mraba. Uzungushe hadi ncha moja ielekee chini, kisha uulize tena. Utasikia “tiara”, na kutoka kwa wale wanaowatazama kaka zao wakicheza karata, “uru”. Umbo halijabadilika hata kidogo, lakini kwao limepoteza jina lake.

Waholanzi wawili, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walieleza jambo hili mwaka 1957 katika tasnifu zao: mwanafunzi huanza kwa kulitambua umbo kwa sura yake yote kwa jumla, kama anavyoutambua uso wa mtu, na baadaye tu ndipo hutazama sifa zake, yaani idadi ya pande, usawa wa pande hizo na ukubwa wa pembe. Sisi walimu tunachelewesha hatua hiyo ya pili kwa mkono wetu wenyewe, kwa kuwa ubaoni tunachora pembetatu ileile, yenye kitako kilicholala na ncha iliyo katikati juu, mwaka mzima.

Kwa hiyo chora pembetatu nyembamba, iliyopinduka, yenye pembe butu. Weka pia maumbo yasiyo pembetatu lakini yanayofanana nayo, kama lile lenye upande mmoja uliopinda na lile ambalo mistari yake haijakutana, kisha darasa litaje ni sifa gani imekosekana. Swali la iwapo mraba ni mstatili liletwe hapa, kwa sababu linawasumbua hata wazazi. Mstatili ni umbo la pande nne ambalo pembe zake zote ni pembe mraba. Mraba unatimiza sharti hilo, halafu unaongeza la kwake la pande kuwa sawa. Wakati mwingine mtoto hulikataa jambo hili kwa sababu tulimwambia kwamba mstatili “una urefu na upana”, naye akaelewa kwamba lazima vitofautiane.

Hatua ya 5: Mzingo na eneo, tumia kanga

Hili ndilo kosa linalochukua muda wangu mwingi, na ningeshauri lisipewe chini ya juma zima. Mtoto anaulizwa eneo, anajumlisha pande. Anaulizwa mzingo, anazidisha. Wengine huchagua kwa bahati nasibu. Njia ya kuwapa maneno ya kidokezo, kwamba ukiona “uzio” ni mzingo na ukiona “zulia” ni eneo, inawafikisha hadi kwenye swali la kwanza lisilo na maneno hayo, na hapo wanakwama.

Leta kanga darasani. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, na kila mtoto amekwisha kuliona nyumbani. Mwite mmoja atembeze kidole juu ya ukingo wa pindo kuanzia kona moja hadi airudie kona hiyohiyo. Safari ya kidole ndiyo mzingo. Kisha mwite mwingine aifunike kanga kwa karatasi za daftari, zikipangwa bila kuacha mwanya wala kupandana. Idadi ya karatasi ndiyo eneo. Kanga yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110 ina mzingo wa sentimita 520 na eneo la sentimita za mraba 16,500, na darasa litaona kwa nini namba hizo mbili haziwezi kulinganishwa: moja inahesabu vipande vya urefu, nyingine inahesabu miraba.

Baada ya hapo toka nao nje ukiwa na kamba ya mita 24 iliyofungwa ncha zake. Watoto wanne washike kona na kutengeneza mistatili mbalimbali. Wakisimama mita 11 kwa 1, ndani mna mita za mraba 11. Wakisimama 8 kwa 4, zipo 32. Wakisimama 6 kwa 6, zipo 36. Kamba ni ileile. Wengi huamini kwamba mzingo ukibaki vilevile eneo nalo lazima libaki vilevile, na imani hiyo haitoki kwa maelezo ya ubaoni.

Mwalimu awe mwangalifu sana na namba anazozichagua, kwa sababu zipo namba zinazoficha kosa. Mraba wenye upande wa 4 una mzingo wa 16 na eneo la 16. Mstatili wa 6 kwa 3 una 18 na 18. Pembetatu yenye pande 6, 8 na 10, ambayo tunaipenda kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi, ina mzingo wa 24 na eneo la 24, na hata ile ya 5, 12 na 13 ina 30 kwa 30. Niliwahi kulipa darasa zima alama nzuri katika jaribio lililokuwa na mraba wa 4, na juma lililofuata nikashangaa wamesahau wapi. Hawakuwa wamesahau; sikuwa nimewapima.

Umbo la herufi L lina kosa lake la peke yake. Chukua mstatili wa mita 10 kwa 8 uliokatwa kwenye kona kipande cha mita 4 kwa 3. Mchoro ukiandikwa namba hizo nne tu, wapo watakaozijumlisha na kupata 25, kwa sababu wanaamini kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Waambie watembeze kidole kama walivyofanya kwenye pindo, na wasimame kila wanapofika upande usio na namba hadi waitafute. Mzingo ni mita 36, sawa na wa mstatili mzima, jambo ambalo huwafurahisha. Eneo ni 80 kutoa 12, yaani mita za mraba 68.

Hatua ya 6: Kimo husimama wima

Chora pembetatu yenye kitako cha sentimita 14, pande mbili za mshazari za sentimita 13 na 15, na kimo cha sentimita 12 kilichochorwa kwa nukta nukta. Eneo lake ni nusu ya 14 mara 12, yaani sentimita za mraba 84. Sasa soma majibu ya darasa. Aliyeandika 168 amesahau nusu. Aliyeandika 91 ametumia upande wa 13 kama kimo, na aliyeandika 105 ametumia wa 15. Aliyeandika 42 amejumlisha pande zote na kupata mzingo, kwa hiyo mrudishe kwenye kanga. Mimi hulitumia swali hili kila mwaka, kwa kuwa kila jibu baya lina mlango wake.

Kwa anayechagua upande wa mshazari, lugha yenyewe ina msaada. Mwite mtoto mmoja mbele apimwe kimo chake. Kwanza asimame wima, kisha aegemee ukuta kwa mshazari, na darasa liulizwe ni lini tunapata kimo chake cha kweli. Hakuna anayepima kimo cha mtu aliyeegemea. Kimo cha pembetatu nacho hushuka kutoka kwenye ncha na kukikuta kitako kwa pembe mraba, na katika pembetatu yenye pembe butu kinaweza kuangukia nje ya umbo, kama vile timazi ya fundi inavyoweza kuangukia nje ya ukuta ulioinama.

Katika msambamba kosa ni la kuzidisha pande mbili zinazokutana, kama ilivyokuwa katika mstatili. Chukua ganda la kiberiti, utoe kidroo chake, kisha ulibonyeze polepole kwenye kona. Uwazi wake unaanza ukiwa mstatili, unakuwa msambamba, na mwishowe unalala kabisa na hauna nafasi ndani. Pande zake nne hazijapungua hata milimita moja. Muulize mtoto: kama eneo ni upande mara upande, mbona hapa ndani hakuna kitu? Baada ya kuliona hilo ndipo umweleze kitako mara kimo.

Hatua ya 7: Badili vipimo kwa kuchora, kabla ya kusogeza nukta

Tunawafundisha kwamba mita moja ni sentimita 100, nao wanahitimisha kwamba mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 100. Chora kwa chaki sakafuni mraba wa mita moja kila upande. Kwenye kona yake weka mraba wa boksi wa sentimita moja. Uliza ni miraba mingapi midogo itakaa kwenye safu ya kwanza: 100. Safu ngapi zitaujaza mraba mkubwa: 100. Jibu ni 10,000, na walioliona sakafuni hawalisahau upesi.

Mashambani wapo wazazi wanaosema kwamba ekari ni hatua sabini kwa sabini. Kipimo hicho si cha kubezwa. Kama kila hatua ni yadi moja, tunapata yadi za mraba 4,900, na ekari halisi ni 4,840, ambazo ni takribani mita za mraba 4,047. Tatizo linakuja mtoto anapochukua mita 70 kwa mita 70 na kupata mita za mraba 4,900, ambazo ni zaidi ya ekari kwa karibu moja ya tano. Hekta ni mita 100 kwa 100, yaani mita za mraba 10,000, na ni karibu ekari mbili na nusu. Ukiuliza kiwanja cha hatua 20 kwa 20 kikiongezwa kuwa 40 kwa 40 kimekua mara ngapi, wengi watajibu mara mbili. Waache wachore viwanja vidogo ndani ya kikubwa na kuvihesabu.

Kosa lingine dogo lakini sugu ni kuandika mita 3 na sentimita 7 kuwa mita 3.7. Mtoto anaisoma nukta kama ukuta unaotenganisha vipimo viwili, mita kushoto na sentimita kulia. Mwulize mita 3 na sentimita 70 ataziandikaje; akigundua kwamba 3.70 na 3.7 ni urefu uleule, ataikubali 3.07 mwenyewe.

Hatua ya 8: Duara na ujazo

Katika duara, mpe kipenyo cha sentimita 14 na utumie 22/7. Mzingo ni sentimita 44, eneo ni sentimita za mraba 154. Atakayeleta 88 au 616 amekichukua kipenyo kama nusukipenyo. Usitumie nusukipenyo cha 2, kwa sababu mara mbili ya 2 na 2 mara 2 ni mamoja, nalo kosa la kuchanganya kanuni mbili hujificha humo. Kwa nusu duara la kipenyo hichohicho, mzingo ni 22 kujumlisha 14, yaani sentimita 36. Wengi huishia 22 na kuliacha umbo wazi, na kidole juu ya ukingo huwaonyesha.

Katika ujazo, mchoro wa boksi lililopangwa michemraba 4 kwa 3 kwa 2 hutoa jibu la 26 kwa wanaohesabu nyuso zinazoonekana: 12 juu, 8 mbele, 6 ubavuni. Michemraba ni 24. Kata muhogo mbichi vipande vya sentimita moja moja, wapange, wabomoe, waione ile iliyofichika. Kwa lita, watajie kwamba tangi la maji la lita 1,000 lina ujazo wa mita moja ya ujazo, na kwamba lita moja ni boksi la sentimita 10 kila upande.

Hatua ya 9: Saa, ambayo haina mamia

Basi limeondoka saa 12:45 asubuhi na kufika saa 8:20 mchana. Limetumia muda gani? Darasa la tano litaona kwamba 12:45 ni kubwa kuliko 8:20, litatoa ndogo kwenye kubwa na kupata saa 4 na dakika 25. Saa yetu ya Kiswahili huanza upya kila baada ya saa 12, kwa hiyo utaratibu wa kutoa namba hautoshi. Wafundishe kutembea: kutoka 12:45 hadi saa 1:00 ni dakika 15, kutoka saa 1:00 hadi 8:20 ni saa 7 na dakika 20, jumla saa 7 na dakika 35.

Wanaobadili kwenda mfumo wa saa 24 wanapata 0645 na 1420, kisha wanatoa kama namba za kawaida na kuandika saa 7 dakika 75, kwa kuwa wamekopa mia badala ya sitini. Na katika kubadili kwenyewe, kanuni ya “ongeza 6” inafaa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni tu. Anayeitumia kwa saa 12:45 asubuhi atapata 1845 na basi litaondoka jioni. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku huongezwa 18, na kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri hutolewa 6. Chora duara la saa lenye namba za Kiswahili ndani na za saa 24 nje, ulitundike ukutani, na waruhusu walitumie hadi wasilihitaji tena.

Hatua ya 10: Pima tena baada ya majuma mawili

Siku ileile ya kurekebisha kila mtoto atapata. Ngoja majuma mawili, kisha tunga maswali matano, moja kwa kila kosa uliloliandika kwenye kaunta buku, kwa namba mpya, maumbo yaliyogeuzwa na rula isiyoanzia sifuri. Kabla ya kuyagawa, kokotoa mwenyewe jibu ambalo kila kosa lingetoa, na uhakikishe kwamba hakuna mawili yanayofanana. Ukisahihisha, andika pembeni mwa kila jibu baya herufi ya kosa lake, kisha watoto wenye herufi moja wakae meza moja kesho yake, na kifaa chao: kanga kwa hawa, ganda la kiberiti kwa wale, karatasi iliyokunjwa kwa wengine.